Union au Habari Njema? Biblia ya kununua kama kikundi chenu kinasoma habari za imani

Mtu akiingia duka la vitabu vya dini hapa mjini Mwanza akauliza "Biblia nzuri ni ipi?", muuzaji anayejua kazi yake humrudishia swali: unaitaka ya kufanyia nini? Ya kufuatana na mhubiri Jumapili ni kitu kimoja, na ya zawadi ya kipaimara ni kingine. Tathmini hii inahusu kazi moja tu. Ni kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, iwe jumuiya ndogo ndogo ya Nyakato au kanisa la nyumbani la Buhongwa, ambacho kinataka kulifuata neno moja, imani, kuanzia Mwanzo mpaka Yakobo, jioni moja kwa wiki kwa wiki sita hivi. Kwa kazi hiyo Biblia za Kiswahili hazilingani hata kidogo, na anayenunua kwa kutazama jalada na zipu atajuta wiki ya pili.

Jibu kwa ufupi, kwa wenye haraka: katika kila nakala kumi, sita au saba ziwe za tafsiri ya Union, zilizobaki za tafsiri ya Habari Njema, na walau moja kati ya hizo Habari Njema iwe ile yenye vitabu vya Deuterokanoni (vile vya Biblia ya Kikatoliki vilivyo nje ya vitabu 66), hata kama ninyi si Wakatoliki. Kikundi kizima kikiwa na tafsiri moja kitasoma kwa ulaini sana na hakitagundua chochote.

Tuanze na Union, maana ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi. Ilitoka mwaka 1952, na jina lake linatokana na kuunganisha kazi mbili za zamani, tafsiri ya Unguja na ile ya Mvita. Kiswahili chake basi ni cha pwani, tena cha kabla ya Uhuru. Uzuri wake ni kwamba inakaa karibu na maneno ya asili, haifafanui sana, inamwachia msomaji kazi. Ubaya wake unatoka hapohapo: msomaji wa leo, hasa kijana aliyekulia Igoma, hukutana na sarufi ambayo shuleni haisemwi.

Chukua Yakobo 2:19: "Wewe waamini ya kuwa Mungu ni mmoja, watenda vema. Mashetani nao waamini na kutetemeka." Mpe kijana asome kwa sauti, kisha mwulize "waamini" hapo ni nini. Wengi watasema ni waumini, watu wa kanisani, na kwa Mkatoliki kosa hilo ni jepesi zaidi kwa kuwa yeye kanisani husikia waumini wakiitwa "waamini". Kumbe ni kitenzi. Ni wakati uliopo wa -a-: wewe waamini maana yake wewe unaamini, na mashetani nao waamini maana yake nao wanaamini. Umbo ni moja kwa "wewe" na kwa "wao", ndiyo maana linachanganya. Asipoelezwa, mtu huondoka na mafundisho kwamba mashetani ni waumini wenzetu, na hoja kali ya Yakobo inapotea: kwamba kukubali tu kuwa Mungu yupo na ni mmoja, hata pepo wanaweza.

Mfano wa pili ni mdogo ila huchekesha. Marko 4:38 kwenye Union: Yesu "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto". Katika mji ambao Mto Mirongo unapita katikati yake, mtoto akisikia hivyo huona mtu analala juu ya maji. Mto huo ni wa kuegemeza kichwa. Na "shetri" ni upande wa nyuma wa chombo, ule ambao wengine huuita tezi. Habari Njema yenyewe inasema tu sehemu ya nyuma ya mashua, na kazi imeisha. Sehemu kama hizi ndizo zinazolipia gharama ya kuwa na Habari Njema mezani.

Sasa jambo lenyewe. Kabla ya kufungua aya yoyote, kiongozi wa kikundi aulize: neno imani likitajwa, kinakujia nini? Mwingine atasema dini ("yeye ni imani gani?"). Mwingine huruma, kwa kuwa mtu mwenye huruma tunamwita mtu wa imani. Na Kanda ya Ziwa hii, lazima atakuwepo wa kukumbuka magazeti na "imani za kishirikina". Maana hizo zote zimo katika Kiswahili na hazifutiki kwa sala ya kufungulia kipindi, kwa hiyo ziandikwe kwenye karatasi na zibandikwe ukutani mpaka wiki ya mwisho.

Kisha andika chini yake: amini, mwaminifu, uaminifu, amana, amani, amina. Huu ni ukoo mmoja uliotufikia kwa njia ya Kiarabu, na mzizi wake wa herufi tatu, alifu, mimu, nuni, ndio uleule wa Kiebrania cha Agano la Kale. Ibrahimu anapomwamini Mungu katika Mwanzo 15:6, kitenzi cha Kiebrania kinatoka katika mzizi huo. Neno lililotafsiriwa imani katika Habakuki 2:4, emuna, linatoka humohumo. Neno hilohilo emuna linatumika pia kwa mikono ya Musa katika Kutoka 17:12, pale Haruni na Huri walipoitegemeza mpaka jua likachwa: mikono ikakaa imara, haikutetereka. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia somo la imani kuliko mikono hiyo. Mzee amechoka, wenzake wamemshikilia huku na huku, na hali hiyo ya kutokuanguka ndiyo inayoitwa kwa neno la imani.

Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina ukoo wa namna hii: pistis ni imani, pisteuo ni kuamini, pistos ni mwaminifu au wa kuaminika. Kiingereza kimezigawa maana hizi katika maneno yasiyofanana hata kwa herufi. Kiswahili kimezihifadhi pamoja, na hiyo ni mali ambayo wahubiri wengi wanayo mfukoni bila kujua. Soma 2 Timotheo 2:13 katika Union, "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa", na sikio lenyewe linasikia kwamba kuamini kwetu na uaminifu wake vinatoka shina moja.

Tahadhari moja hapa, kwa kuwa walimu wa vikundi hupenda kupitiliza. Neno amana la 1 Timotheo 6:20, "ilinde hiyo amana", kwa Kigiriki halimo kabisa katika ukoo wa pistis. Ni neno jingine, la kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze. Uhusiano wa amana na imani ni wetu, wa Kiswahili. Kuutumia kama mfano ni ruksa. Kusimama na kusema "kwa Kigiriki ndivyo ilivyo" ni kuwadanganya watu.

Kwa kipimo hiki, yaani ni kiasi gani Biblia inakuonyesha ukoo huo, Union inashinda ila ina madoa. Doa kubwa liko katika Yohana. Mwandishi wa Injili hiyo hutumia kitenzi kuamini mara 98, na jina imani hatumii hata mara moja. Kwake imani ni tendo, jambo linalofanywa, na kikundi makini kingeweza kukaa juu ya hilo jioni nzima. Lakini Union katika Yohana 20 inageuzageuza kitenzi kimoja kwa maneno mawili. Tomaso anasema "mimi sisadiki hata kidogo" (aya ya 25), anaambiwa asiwe "asiyeamini, bali aaminiye" (27), kisha anasikia "wa heri wale wasioona, wakasadiki" (29), halafu aya ya 31 inarudi kwa "mpate kuamini". Msomaji anaweza kujenga mahubiri mazima juu ya tofauti ya kusadiki na kuamini, akisema kusadiki ni kwa akili na kuamini ni kwa moyo. Mahubiri hayo hayana msingi katika sura hii, kwa kuwa kitenzi cha Kigiriki ni kilekile, na maneno ya aya ya 27 ni ya ukoo huohuo. Dawa ni penseli: kila "sadiki" ya sura hiyo iandikwe "amini" pembeni, kisha isomwe upya.

Doa la pili ni zito zaidi kwa wanaojadili mambo ya kuhesabiwa haki. Wagalatia 2:16 katika Union inasema mtu huhesabiwa haki "kwa imani ya Kristo Yesu". Warumi 3:22 inasema "imani katika Yesu Kristo". Kigiriki kimejengwa namna moja sehemu zote mbili, na kinaweza kusomeka kwa njia mbili: imani yetu tunayomwekea Kristo, au imani, yaani uaminifu, wa Kristo mwenyewe. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Union, kwa kutokulingana kwake, imekuachia mlango mmoja wazi na mwingine umefungwa. Habari Njema imefunga wote: Wagalatia 2:16 inasema moja kwa moja "kwa kumwamini Yesu Kristo". Inaeleweka vizuri sana, na wala si kosa, lakini anayesoma hiyo peke yake hatajua kwamba kulikuwa na swali. Hapo ndipo ilipo tofauti ya tafsiri hizi mbili kwa jumla. Habari Njema hukupa jibu likiwa limeiva, Union hukupa kiazi na kisu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo Habari Njema inaokoa jahazi. Msemo "kuhesabiwa haki" wa Union umekuwa msemo wa kanisani tu, watu huusema bila picha yoyote kichwani. Habari Njema inasema Mungu alimkubali Abramu "kuwa mwadilifu". Mama anayekaanga samaki Kirumba akisikia hivyo anaelewa papo hapo: mtu amekubaliwa. Someni Mwanzo 15:6 kwa tafsiri zote mbili, kwa sauti, moja baada ya nyingine, kisha muulizane hesabu hiyo ilikuwa ya nini na nani aliishika kalamu.

Na mkiwa hapo kwa Ibrahimu, kiongozi achore mstari mmoja ardhini au ubaoni, aweke alama tatu: sura ya 15 aliamini, sura ya 17 alitahiriwa, sura ya 22 alipanda mlimani na Isaka. Warumi 4 inaishika 15:6 na kuuliza, alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa au baada? Kabla. Yakobo 2 inaishika aya ileile na kuipeleka mbele mpaka sura ya 22: andiko lile likatimizwa pale alipomtoa mwanawe. Wawili hawa wanasimama sehemu mbili za mstari mmoja. Ugomvi wa "imani peke yake" na "si kwa imani peke yake" hupungua sana ukichorwa, hasa kwenye vikundi vya mchanganyiko, ambavyo mjini hapa ni vingi: Mkatoliki, mtu wa AIC (Africa Inland Church), Mlutheri na Msabato kwenye varanda moja.

Jioni ya uponyaji ndiyo inayoharibika kuliko zote, na sehemu ya lawama ni ya tafsiri. Kigiriki kina kauli moja, ambayo Yesu humwambia mwanamke aliyetokwa na damu (Marko 5:34), kipofu Bartimayo (Marko 10:52), mwenye ukoma aliyerudi kushukuru (Luka 17:19), na mwanamke mwenye dhambi aliyempaka miguu marhamu (Luka 7:50). Union inawaambia wawili wa kwanza "imani yako imekuponya" na wawili wa mwisho "imani yako imekuokoa". Kwa mwanamke wa Luka 7 hakukuwa na chaguo jingine, yeye hakuwa mgonjwa. Lakini msomaji wa Union haoni kwamba kauli ni moja, na kwamba kuponya na kuokoa kwa Kigiriki hukaa katika kitenzi kimoja. Mjue hilo kabla ya kufundisha.

Jambo la pili la kujua ni nani aliyekaa kwenye kiti. Kwenye kikundi chochote cha Mwanza huwa kuna mtu anayehudhuria kliniki Bugando au kwenye zahanati ya kata, ana karatasi ya miadi kwenye mkoba na vidonge vya kila siku. "Imani yako imekuponya" ikisomwa bila uangalifu, anasikia: hujapona kwa kuwa huna imani, na kumeza dawa ni kuona shaka. Usimalize jioni hiyo bila kusoma Marko 9:24, pale baba wa yule kijana mwenye pepo anapopaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto akaponywa. Imani iliyokuwepo ni ya mtu anayekiri papo hapo kwamba haitoshi, tena mgonjwa mwenyewe hakuulizwa imani yake hata kidogo. Na iwe wazi kabisa kwamba dozi haikatizwi kwa sababu ya kipindi cha Biblia.

Habari ya dhoruba nayo inataka adabu. Mahali pengine ni hadithi ya watoto. Hapa si hivyo. Kwanza, eleza ukubwa. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13 panapozidi, na liko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, limezungukwa na vilima, upepo hushuka ghafla. Letu, Ziwa Viktoria, lina karibu kilomita za mraba 68,800. Anayevuka kwa kivuko cha Kamanga au anayetoka na karabai usiku kutafuta dagaa hahitaji kuelezwa dhoruba ni nini. Pili, kumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Usiseme, hata kwa kuteleza, kwamba wenye imani hawazami. Huenda mwenye nyumba aliyewakaribisha chai alizika watu.

Ukishalinda hapo, sasa linganisha. Mathayo 8:26: "Mbona mmekuwa waoga, enyi wa imani haba?" Marko 4:40: "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Luka 8:25: "Imani yenu iko wapi?" Imani haba, imani ambayo bado haijafika, imani iliyopo ila haijulikani imewekwa wapi. Halafu tazama mpangilio: katika Mathayo swali linaulizwa mawimbi yakiwa bado yanapiga, ndipo upepo ukemewe. Katika Marko na Luka bahari imekwisha kutulia. Kazi hii inafaa kwa Union peke yake, tafsiri nyingine hazihitajiki, na dakika arobaini zinatosha.

Kuhusu punje ya haradali (Mathayo 17:20), msihangaike kueleza mti ambao wengi hawajauona. Nendeni na mbegu za mchicha. Mbegu ya haradali nyeusi ina milimita moja hadi mbili. Ya mchicha ni ndogo zaidi, na kila mtu amewahi kuimwaga kwenye kitalu. Weka moja kwenye kiganja cha kila mtu, kisha soma.

Lakini mkifika hapo kutatokea fujo, jiandaeni. Aya inayofuata, 17:21, "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga", imewekwa ndani ya mabano katika Union. Kwenye tafsiri nyingine hushushwa chini ya ukurasa au haimo kabisa. Kuna mtu atasimama na kusema Biblia imechakachuliwa. Majibu ni haya: aya hiyo haimo katika nakala kongwe za mkono kama Vatikano, na katika ile ya Sinai haikuwemo ilipoandikwa mara ya kwanza. Inafanana sana na Marko 9:29, na inaelekea mnakili fulani aliileta huku ili habari mbili zilingane. Mabano ni uaminifu wa mtafsiri, anakuonyesha mahali ambapo mashahidi hawakubaliani. Hata ukiiondoa, habari ya kuomba imebaki katika Marko.

Waebrania 11 wengi huiacha iwe ya mwisho, na ni sahihi, ila huianza vibaya. Aya ya kwanza, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana", hubandikwa ukutani peke yake kama tangazo. Mgawanyo wa sura ni wa karne ya 13. Barua ilikuwa inaendelea. Anzeni 10:38, ambapo Habakuki ananukuliwa, na hapo mtaona kinyume cha imani kikitajwa kwa jina: "akisitasita". Aya ya 39 inaendelea, "sisi hatumo miongoni mwao wasitao". Ndipo 11:1 inaingia. Imani hapa inapambana na kusita, kurudi nyuma, kuliko na maswali ya akilini.

Neno bayana watu wanalijua kutoka kwenye taarifa ya habari, "ameweka bayana", kwa hiyo halisumbui. Hakika ndiyo yenye kina. Neno la Kigiriki, hipostasisi, limewahi kuonekana kwenye nyaraka za kale zinazohusu mali, na wapo wataalamu waliopendekeza kulisoma kama hati ya umiliki. Si wote waliokubali, lakini aliyewahi kungojea hati ya kiwanja anaelewa tofauti ya kuwa na karatasi mkononi na kuwa umeshahamia.

Halafu 11:13: "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi". Hiyo "wasija-" ni sarufi ya zamani, maana yake kabla hawajazipokea. Kijana akiruka silabi hiyo ndogo atasoma kwamba walizipokea, na sura nzima itageuka kinyume. Msomaji wa zamu aifanyie mazoezi.

Sababu ya kutaka nakala moja yenye Deuterokanoni iko 11:35: "wengine waliumizwa hata kuuawa, wasikubali ukombozi, ili wapate ufufuo ulio bora". Ni nani hao? Katika vitabu 66 hutawapata kwa urahisi. Wafafanuzi wengi huelekeza 2 Makabayo 7, mama na wanawe saba waliokataa kula nyama iliyokatazwa, wakafa mmoja baada ya mwingine, baadhi yao wakitaja ufufuo. Hata kama kanisa lako halikihesabu kitabu hicho kuwa Maandiko, mwandishi wa Waebrania anaonekana kuijua habari hiyo, na kuisoma kunachukua dakika kumi.

Kuhusu Neno, tafsiri ya tatu inayopatikana, haina mengi ya kusemwa hapa. Lugha yake iko katikati ya Union na Habari Njema. Ni nzuri kwa mtu anayesoma peke yake, ila kwenye kikundi kama hiki haiongezi mvutano unaotakiwa.

Simu inasaidia kwa jambo moja, kulinganisha. YouVersion, programu ya Biblia ya simu, ina Union na Habari Njema zote, na unaweza kuzipakua mapema ili umeme ukikatika au bando likiisha usikwame. Udhaifu wake ni kwamba inakuletea sura moja moja, huoni ukurasa. Waebrania 10:38 na 11:1 haziwezi kuonekana kuwa jirani kwenye kioo kidogo. Kwa wazee wasioona vizuri au wasiojua kusoma, sauti iliyorekodiwa kwenye memori kadi inafaa sana, na hata Paulo angeunga mkono: "imani, chanzo chake ni kusikia". Marko yote ni kama saa mbili hivi. Chezesheni sura moja mara mbili bila kukatiza, ndipo mazungumzo yaanze.

Sasa dukani. Usianze na jalada. Geuza kitabu, tazama mgongo kwa juu: kama unaona mafungu ya karatasi yaliyokunjwa na uzi, kimeshonwa, kama ni ukingo mmoja ulionyooka na gundi, kitaanza kutoa Zaburi baada ya miezi michache, kwa kuwa Zaburi ziko katikati na hapo ndipo kitabu hufunguliwa mara nyingi. Zipu huharibika kabla ya karatasi, kwa hiyo usiilipie. Maandishi madogo sana yanasomeka dukani mchana na hayasomeki varandani saa moja na nusu usiku, vijidudu vya ziwani vikiwa vimeijaa taa. Mpe mtu wa miaka hamsini akusomee mistari miwili akiwa amesimama mbali na mlango. Karatasi za Biblia ni nyembamba na unyevunyevu wa ziwani huzikunja, basi zilale bapa ndani ya sanduku, si wima kwenye dirisha.

La mwisho kabla ya kulipa, kagua vitabu vifupi. Biblia huchapwa kwa mafungu makubwa ya kurasa, na fungu likirukwa kiwandani, kitabu kizima kidogo huenda nalo. Habakuki ina sura tatu tu. Fungua Nahumu, pitia mpaka Sefania. Fungua Filemoni, pitia Waebrania yote mpaka Yakobo 5. Ukiwa bado kwenye Habakuki 2:4, tazama kama wameandika imani au uaminifu, na chukua nakala moja ya kila namna.